Dakika 15, Masaa 4 au Mpaka Asubuhi: Saa ya Nesi Ilitoka Wapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1953, mtu aliyeogopwa kuliko karibu kila mtu duniani alimaliza kula na wenzake kwenye nyumba yake nje kidogo ya Moscow, akaenda kulala. Joseph Stalin, miaka 74. Asubuhi hakutoka chumbani. Mchana pia hakutoka. Walinzi walikuwa wamejaa nyumba nzima, lakini kila mmoja alijua amri: kama hujaitwa, usiingie. Wakangoja. Jioni taa ya chumba ikawaka, wakashusha pumzi, kisha kimya tena. Ilikaribia saa 5 usiku ndipo mlinzi mmoja akajipa moyo akaingia na barua mkononi. Akampata mzee sakafuni, nguo zimelowa mkojo, maneno hayatoki. Kiharusi. Madaktari walifika asubuhi ya tarehe 2. Tarehe 5 akafa.

Kuna utamu mchungu hapo. Daktari wake wa miaka mingi, Vinogradov, alikuwa jela wakati huo, na aliyemfunga ni Stalin mwenyewe. Na tuseme ukweli, hata angepatikana mapema, 1953 dawa ya kuokoa ubongo haikuwepo. Sisi hatuko hapa kumlilia. Nimeanza naye kwa sababu ya swali moja tu: mara ya mwisho mtu kumwangalia ilikuwa lini?

Hakuna aliyejua. Jeshi alikuwa nalo, mabomu alikuwa nayo, lakini hakuwa na mtu mmoja wa kufungua mlango kila baada ya muda fulani na kusema, "Mzee, unanisikia? Inua mkono."

Leo nataka tuongee kuhusu huyo mtu wa kufungua mlango. Anaitwa nesi. Na nataka ujue ile saa yake, ya kumwangalia mgonjwa wa kiharusi kila dakika 15, kila saa, au kila masaa 4, ilitoka wapi, nani aliiweka, na kwa nini sisi watu wa Saboti tunaisoma kwenye karatasi tu.

Ubongo hauna kengele

Wacha tuanze na mwili. Kiharusi, au stroki kama tunavyoiita mtaani, ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo inakosa damu, na kazi ya sehemu hiyo inasimama. Ndiyo maana mdomo unaenda upande, mkono unaanguka, maneno yanakuwa uji.

Watu wengi wanafikiri ukishafika hospitali, kazi imeisha. Hapana. Siku za kwanza ndizo za hatari. Mshipa ulioziba unaweza kuzidi kuziba. Ubongo unaweza kuvimba, na fuvu la kichwa ni kama sufuria iliyofungwa kifuniko, hakuna mahali pa kuvimbia. Au damu inaanza kuvuja ndani, hasa kama mgonjwa amepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Sasa, moyo ukileta shida kuna mashine ya kulia. Ubongo hauna kengele. Huwezi kumwekea mgonjwa waya fulani ikuambie "huyu sasa hivi ameanza kupoteza maneno." Njia iliyopo ni binadamu mwingine kusimama hapo na kuuliza: Unaitwa nani? Tuko mwezi gani? Shika vidole vyangu, finya. Inua mguu. Kisha anamulika macho kwa tochi aone kama mboni zinalingana. Anaandika, anaandika na saa. Akirudi anafanya tena, halafu analinganisha.

Hiyo kulinganisha ndiyo siri yote. Kumpima mtu mara moja kunakuambia yuko wapi. Kumpima mara mbili kunakuambia anaelekea wapi. Kwa hivyo swali la "mara ngapi?" si la makaratasi. Ni swali la ukubwa wa giza unaloliacha katikati ya kipimo na kipimo.

Zamani hakukuwa na namba

Florence Nightingale, yule mama wa taa wa vita vya Crimea, aliandika kitabu mwaka wa 1859 kuhusu kuuguza, na ndani yake kuna sura nzima juu ya kumtazama mgonjwa. Hoja yake, kwa maneno yangu: kusema "ako sawa tu" si ripoti. Sema amekula kiasi gani, amelala masaa mangapi. Miaka zaidi ya 160 baadaye bado kuna watu wanaandika "ako sawa" kwenye faili.

Lakini Nightingale hakuwa na kifaa cha presha. Hicho kilitoka Italia mwaka wa 1896, kazi ya daktari Scipione Riva-Rocci: ule mpira wa kufunga mkononi na kujaza hewa. Mwaka wa 1901 daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, Harvey Cushing, alipita mji wa Pavia, akakiona, akarudi nacho Marekani. Cushing ndiye aliyeeleza vizuri kwamba shinikizo likipanda ndani ya fuvu, presha ya damu inapanda na mapigo ya moyo yanashuka. Yaani mwili unatoa ishara, bora kuwe na mtu wa kuzisoma. Mwaka wa 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza ile ya kusikiliza kwa vipuli vya daktari, na mpaka leo, pale kiliniki yako ya karibu, ukipimwa presha kwa mkono, ni hao watatu wamekushika.

Tatizo lilikuwa fahamu. Presha ina namba, joto la mwili lina namba. Lakini mtu aliye nusu usingizi, nusu kupotea, unamwandikaje? Kila daktari alikuwa na maneno yake. Mmoja anaandika "amezubaa", wa jioni anaandika "amelala sana", wa usiku anaandika "hajitambui vizuri." Je, mgonjwa amezidiwa, ama ni daktari tu amebadilika? Hakuna anayejua.

Glasgow, 1974

Hapo ndipo wanaingia majamaa wawili wa Glasgow, Scotland: Graham Teasdale na Bryan Jennett. Walikuwa wanashughulika na watu walioumia vichwa, ajali za barabarani na vitu kama hivyo. Mwezi wa Julai 1974 wakachapisha kwenye jarida la Lancet kipimo rahisi ajabu. Angalia vitu 3 tu: macho yanafunguka vipi, mdomo unajibu vipi, mwili unasonga vipi. Leo tunahesabu macho alama 4, maneno alama 5, mwili alama 6. Jumla 15 ukiwa macho kabisa, na ya chini ni 3.

Ukiangalia haraka utasema, kwani hii ni sayansi gani? Mtoto wa darasa la 6 anaweza kuifanya. Exactly hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Walitaka kitu ambacho nesi wa usiku na daktari bingwa wa asubuhi watapata jibu moja. Kabla ya hapo, habari ya ubongo ilikuwa mali ya daktari mkubwa. Baada ya hapo, nesi alikuwa na namba, na namba inaweza kupigiwa simu. "Daktari, alikuwa 14, sasa ni 12." Huwezi kujibu hiyo na "mwache alale."

Mwaka wa 1989 Wamarekani wakaleta kipimo cha kiharusi chenyewe, kinachotoka 0 mpaka 42. Hapa namba ikipanda ndiyo mbaya. Kinaangalia macho, uso, mikono, miguu, maneno, hisia. Ni kirefu zaidi, na kinahitaji mafunzo. Kwa hivyo kufikia miaka ya 90, dunia ilikuwa na vipimo. Kilichobaki ni saa.

Saa ilizaliwa na woga

Desemba 1995, jarida la New England la Marekani lilitoa majibu ya utafiti mkubwa wa wagonjwa 624. Walipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inaitwa alteplase, ndani ya masaa 3 tangu dalili kuanza, wengine wakapewa maji tu. Waliopata dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kurudi katika maisha yao ya kawaida baada ya miezi 3. Ilikuwa habari ya kuvunja dunia, kwa sababu mpaka hapo kiharusi kilikuwa ugonjwa wa kulazwa na kuombewa. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa.

Lakini kulikuwa na bei. Kati ya waliopata dawa, asilimia 6.4 walivuja damu kwenye ubongo kwa namna iliyowazidishia hali. Kwa waliopata maji, ilikuwa asilimia 0.6. Hiyo ni mara 10. Dawa ileile inayofungua mshipa inaweza kupasua mwingine.

Ndipo ikaandikwa ile ratiba maarufu. Masaa 2 ya kwanza, mpime presha na ubongo kila dakika 15. Masaa 6 yanayofuata, kila dakika 30. Kisha kila saa mpaka masaa 24 yaishe. Kichwa kikianza kuuma vibaya, akitapika, presha ikiruka, au mkono uliokuwa unainuka ukaanguka: simamisha dawa, kimbia skani.

Hebu tupige hesabu. Kila dakika 15 kwa masaa 2 ni mara 8. Kila dakika 30 kwa masaa 6 ni mara 12. Kila saa kwa masaa 16 ni mara 16. Jumla mara 36 kwa mgonjwa mmoja, siku moja. Ikiwa kila mara inachukua dakika 5, hayo ni masaa 3 kamili ya kazi ya nesi kwa kitanda kimoja.

Shika hiki kitu: ratiba hii haikutoka kwa utafiti uliolinganisha dakika 15 na dakika 30 na saa moja kisha ukachagua mshindi. Watafiti makini, wakiogopa kuvuja kwa damu, waliamua kuwa waangalifu. Ilikuwa busara. Ikaingia kwenye miongozo, miongozo ikanakiliwa, na karibu miaka 30 ikapita kabla ya mtu kuuliza kwa utafiti mkubwa: lazima iwe hivi?

Masaa 8 ya giza

Sasa niwaambie kwa nini dropout wa kozi ya biashara kutoka Saboti anasoma vitu vya manesi usiku wa manane.

Kukhu yangu, mama mzaa baba, alianguka jikoni kwetu Machewa. Mdomo ulikuwa umeenda upande lakini maneno yalikuwepo. Alikuwa anatugombeza, ati tusimbebe kama gunia. Tukafika hospitali fulani jioni. Wakampokea vizuri, wakampima presha, ilikuwa juu sana, wakamlaza. Saa 1 usiku tukaambiwa muda wa kuona wagonjwa umeisha. Nikalala kwenye benchi nje.

Asubuhi nilipoingia, kukhu alikuwa ananiangalia tu. Maneno hakuna. Mkono wa kulia kama si wake. Daktari akaja, akauliza swali rahisi, "Hii ilianza saa ngapi?" Akafungua chati. Mstari wa mwisho ulikuwa saa 4 usiku. Uliofuata, saa 12 asubuhi. Katikati, masaa 8 meupe.

Nilimuuliza yule sista, na sikuwa na adabu sana. Hakunijibu kwa hasira. Akaniambia, "Kijana wangu, hesabu vitanda." Nikahesabu. Vilikuwa 32, na vingine vilikuwa na watu wawili. Usiku ule alikuwa yeye na mwanafunzi mmoja. Kulikuwa na mtu amekata roho saa 8, kulikuwa na damu ya kuongezwa, kulikuwa na kijana wa boda aliyepasuka kichwa. Alikuwa na macho mekundu na viatu amevivua nusu.

Kukhu yuko hai. Anaelewa kila kitu, lakini anaongea maneno kama manne. Tulitumwa Eldoret kupiga skani, na karo yangu ya muhula ikaenda huko. Sijarudi kampasi. Sisemi kwamba angeangaliwa saa 6 usiku angekuwa anaongea leo. Hakuna anayeweza kusema hivyo, na hilo ndilo linaniuma. Masaa 8 meupe hayakupi hata jibu la kulia nalo.

Kwa hivyo mtu akiniambia "kila dakika 15", nauliza: nani, na kwa wagonjwa wangapi?

Hesabu ya kwetu

Tuseme nesi mmoja, shifti ya usiku ya masaa 12, wagonjwa 30. Masaa 12 ni dakika 720. Gawanya kwa 30, kila mgonjwa ana dakika 24 usiku mzima. Ndani ya dakika 24 kuna dawa, dripu, kubadilisha shuka, kumgeuza asipate vidonda, kuandika, kupokea mgonjwa mpya. Na huyo nesi hajanywa chai wala kwenda msalani. Ukimletea wagonjwa 3 wa kiharusi na ratiba ya 1995, ratiba inakuwa kama tangazo la nyumba za kifahari: unaiangalia tu.

Hii hali haikudondoka kutoka mlimani Elgon. Ina historia. Chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, KMTC, kilianza 1927 chini ya Wakoloni, na kwa miaka mingi Mwafrika hospitalini alikuwa dresa: funga kidonda, ogesha mgonjwa, usiulize. Kuangalia na kuamua ilikuwa kazi ya mzungu. Baada ya Uhuru tukafundisha manesi wengi, wazuri kabisa. Lakini kufundisha na kuajiri ni vitu viwili tofauti, na leo Kenya ina watu wenye vyeti vya uuguzi wanauza nguo za mtumba huku wodi zikililia mikono.

Katiba ya 2010 ikapeleka afya kwa kaunti, na 2013 kaunti zikaanza kazi. Mwaka wa 2017 manesi wakagoma kuanzia Juni mpaka Novemba, karibu miezi 5, wakidai mkataba wa mishahara na marupurupu. Miezi 5! Julai 2021 serikali ikatia sahihi mkataba na Uingereza wa kuwaruhusu manesi wa Kenya wasio na ajira kwenda kufanya kazi kule. Siwalaumu wanaoenda, hata mimi ningepanda ndege. Lakini ona mzunguko: mtoto wa Kitale anafundishwa hapa, anaenda Uingereza, anampima mzee wa kule kwa kipimo cha Glasgow kila baada ya muda ulioandikwa, na chati inajaa. Nyanya yake hapa ana masaa 8 meupe.

Na wagonjwa hawapungui. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata siku moja. Majirani zetu Tanzania walihesabu viharusi kati ya 2003 na 2006, na wakakuta kwamba jijini Dar es Salaam kiharusi kilikuwa karibu mara 3 ya kule mashambani Hai, Kilimanjaro. Town inakua, chumvi inakua, kukaa chini kunakua. Kitale pia inakua.

2025: saa inaulizwa swali

Mwaka wa 2025 jibu la lile swali likaja. Watafiti wakiongozwa kutoka Australia walifuata wagonjwa zaidi ya 4,900 kwenye hospitali zaidi ya 100 katika nchi 8. Wote walikuwa wamepewa dawa ya kuyeyusha damu, kiharusi chao hakikuwa kikali sana, na walikuwa wametulia. Hospitali zilianza na ratiba ya zamani. Kisha, kwa zamu, zikahamia mpya: dakika 15 kwa masaa 2 ya kwanza kama kawaida, halafu kila masaa 2 kwa masaa 8, halafu kila masaa 4 mpaka siku iishe. Kutoka mara 36 unashuka mpaka kama 15.

Matokeo? Baada ya siku 90, waliobaki na ulemavu au kufa walikuwa karibu sawa pande zote mbili: asilimia 31.7 kwa ratiba nyepesi, 30.9 kwa ya zamani. Kuvuja damu hakukuongezeka. Na kuna kitu watu husahau: mgonjwa akiamshwa kila saa usiku kucha, halali, na ubongo ulioumia unahitaji usingizi.

Mimi nilifurahi, kisha nikasoma orodha ya nchi. Australia, Chile, China, Malaysia, Mexico, Uingereza, Marekani, Vietnam. Afrika hakuna. Hata hiyo ratiba nyepesi ilipimwa mahali ambapo skani ipo, dawa ipo, na mtu akiandika "masaa 2" anamaanisha masaa 2. Haikupima wodi yenye vitanda 32 na nesi mmoja.

Kwa hivyo naona hatari mbili. Ya kwanza ni mkubwa fulani wa kaunti kusoma kichwa cha habari na kusema, "Mnaona? Manesi wachache wanatosha." Hapana, boss. Utafiti ulisema mgonjwa aliyetulia anaweza kuangaliwa mara chache zaidi. Haukusema asiangaliwe. Masaa 4 bado si masaa 8.

Ya pili ni sisi kuendelea kunakili ratiba za watu wengine, kubandika ukutani, na kujidanganya. Ratiba isiyowezekana ina madhara yake: inafundisha nesi kuandika uongo. Saa 11 alfajiri anajaza visanduku vyote kwa mkupuo, kalamu moja, mwandiko mmoja, namba zilezile. Chati inapendeza, mgonjwa hajaguswa.

Mimi nasemaje

Nasema hivi. Bora vipimo 6 vya kweli kuliko 36 vya karatasi. Anza na mara nyingi pale mwanzo, kwa sababu masaa ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu, dakika 15 zile za masaa 2 ya kwanza haziguswi, na kama hospitali haina mtu wa kuzifanya basi dawa yenyewe inakuwa kamari. Wengine, na ndio wengi wetu, wapangiwe kulingana na hali yao: anayeyumba karibu na dawati la nesi na mara nyingi, aliyetulia kila masaa 4, mchana na usiku. Usiku ni wakati pia.

Halafu kipimo bila kitendo ni mapambo. Mwaka wa 2011 Australia hiyohiyo ilionyesha kwamba manesi wakifundishwa kufuata mambo 3 tu kwa wagonjwa wa kiharusi, yaani homa, sukari na kumeza, na kuchukua hatua mara moja, vifo na ulemavu vilipungua kwa karibu asilimia 16. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Ni kipima joto, tone la damu, na kijiko cha maji kabla ya kumpa mtu uji usije ukaingia mapafuni.

Kule Kitale tuna hospitali ya rufaa yenye jina la Wamalwa Kijana, mbunge wetu wa Saboti aliyefika mpaka makamu wa rais kabla ya kufariki London mwaka wa 2003. Nafurahi jina lipo ukutani. Lakini kwa hospitali yoyote, hii au ile, jengo ni saruji. Kwenye kampeni zinazokuja, mwanasiasa akikuahidi jengo lingine, muulize: usiku litakuwa na manesi wangapi, kwa vitanda vingapi? Swali hilo halina bango wala utepe wa kukata, ndiyo maana hawalipendi.

Na wewe unayesoma hii kwa simu, kuna siku utakuwa kwenye lile benchi. Fanya hivi. Kwanza, jua dalili: uso umeinama upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki. Usimpe aspirini, usimpe chakula, usingoje asubuhi. Andika saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho. Hiyo saa ina thamani kuliko pesa utakayobeba.

Pili, akilazwa, muulize sista kwa heshima: "Sista, mgonjwa wetu ataangaliwa tena saa ngapi?" Si kumtisha. Swali hilo linamkumbusha kila mtu kwamba kuna saa. Omba wakuonyeshe vitu vya kuangalia, na wakikuruhusu kukaa, kaa. Ukiona amebadilika, usiseme "sista, kuja uone." Sema kilichobadilika: "Saa 3 alikuwa anafinya mkono wangu, sasa hawezi." Hiyo ndiyo lugha ya Glasgow, na haihitaji digrii.

Lakini usiruhusu mtu akuambie kwamba familia ndiyo suluhisho. Mimi nikikaa pale naweza kuona mkono umeanguka. Siwezi kujua kama mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine na maana yake. Nesi anajua. Alisomea. Alifundishwa kwa pesa yetu, na anapaswa kuwa pale, si peke yake, akiwa amekunywa chai yake.

Stalin alikosa mtu wa kufungua mlango kwa sababu watu walimwogopa. Kukhu yangu alikosa kwa sababu aliyepaswa kuufungua alikuwa kwenye milango mingine 31. Hofu ya walinzi iliisha siku Stalin alipozikwa. Hii ya kwetu itaisha siku kaunti itaajiri.